Mwanamke Aliyepima Losheni Zetu

Watu wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, hapa Mowlem, Nairobi, walimwita Madam. Hakuwa mwalimu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda kimoja cha vipodozi kule Eneo la Viwanda, akipima losheni na sabuni kabla hazijapelekwa madukani. Alipostaafu alikuja na koti lake jeupe, akawa analifua kila Jumamosi na kulianika peke yake kwenye kamba, kana kwamba Jumatatu ataitwa tena kazini. Koti hilo ndilo lililompa jina. Nilikaa mlango wa tatu kutoka kwake kwa miaka tisa, na sikuwahi kumwita kwa jina lingine.

Habari za kwao Ukambani, za wazazi wake, za mume aliyemwacha na mtoto mmoja wa kike, sizijui vizuri, na yeye hakuwa mtu wa kuzisimulia. Ninazozijua ni tabia zake, maneno yake na ukali wake. Na ninajua nililomtendea.

Kitu cha kwanza ambacho mgeni alikiona kwake ni plasta. Upande wa ndani wa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, hazikukosa mbili au tatu, zimepangwa safu, kila moja imeandikwa herufi kwa kalamu ya wino. Chini ya kila plasta palikuwa na tone la kitu fulani: krimu ya jirani, mafuta ya nywele, sabuni ya maji iliyoingia madukani wiki hiyo. Aliiacha siku mbili, akaibandua, akaitazama ngozi kwenye mwanga wa dirisha. Siku mbili baadaye aliitazama tena, kwa maana alisema ngozi nyingine huchelewa kulalamika. Siku moja kanisani mzee wa kanisa alimwuliza kwa upole kama amepatikana na ugonjwa wa sukari, akidhani plasta zile ni za sindano.

"Hapana," alimjibu. "Hii hapa ni losheni ya mke wako."

Tulifahamiana kwa sababu ya ndoo ya losheni iliyoharibika. Nilikuwa nimeanza kutengeneza losheni nyumbani baada ya kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi kupunguza watu. Nilinunua mafuta, nta na manukato mjini, nikachemsha, nikakoroga, nikajaza mikebe midogo na kuwauzia wanawake wa Mowlem na mtaa jirani wa Umoja. Mwezi wa tatu ndoo moja ikaanza kutoa harufu kama maziwa yaliyosahauliwa juani. Jirani akaniambia, mpelekee Madam aiangalie.

Alifungua mlango, nikamsogezea ndoo anuse. Akarudisha kichwa nyuma.

"Kunusa si kupima, Mama Njeri. Maji ulitoa wapi?"

"Kwa tangi la juu."

"Ulichemsha?"

"Nilichemsha, Madam."

"Yakapoa wapi?"

"Kwa ndoo hii hii."

"Ukafunika na nini?"

"Leso."

"Ile ya kubebea mtoto?"

Akaingia ndani, akarudi na kijibao chembamba, kirefu kama kidole, kimepakwa kitu kama jeli pande zote mbili. Akakigusisha kwenye losheni yangu, akakirudisha ndani ya kichupa chake, akakiweka katika sanduku la mbao ambalo alikuwa amelitia balbu ndogo ili libaki na joto. "Njoo keshokutwa," akaniambia. Niliporudi baada ya siku mbili, ile jeli ilikuwa na vidoa vyekundu vingi hata havihesabiki. Kila kidoa, alinieleza, kilikuwa kijidudu kimoja kilichozaa ukoo mzima.

Siku hiyo ndiyo aliyonifundisha jambo ambalo ningepaswa kulishika maisha yangu yote. Mafuta matupu hayaozi upesi. Lakini ukitia maji, umewajengea wadudu nyumba, na ukitia aloe au maji ya mchele, umewapikia na chakula. Ndiyo maana losheni huwekwa dawa ya kuzuia kuoza, ambayo yeye aliiita kihifadhi. Alinionyesha ipi ya kununua na nipime vipi, matone mangapi kwa ndoo ya namna gani. Tangu hapo kila nilipotengeneza ndoo mpya nilimpelekea kidogo. Alikuwa na mtindo wa kuichokoza. Neno hilo ni lake. Aliigawa losheni, akaitia vijidudu makusudi, kisha akaipima baada ya siku saba, baada ya kumi na nne, baada ya ishirini na nane, aone kama kihifadhi kimevishinda au kimeshindwa. "Mtu atatia kidole kila asubuhi," alisema. "Kidole kilichotoka kumpangusa mtoto, kilichotoka kumenya viazi. Afadhali niichokoze mimi kwanza."

Usidhani kwa hayo kwamba alizipenda dawa hizo. Hilo ndilo watu wengi hawakumwelewa. Kuna walioapa kwamba vihifadhi ni sumu, na kuna waliosema ni maneno ya bure, na pande zote mbili zilimwona ni adui. Mama mmoja alimkabili kwenye ngazi akimwuliza aseme mara moja: inaua au haiui?

"Chumvi pia inaua," akasema Madam. "Niulize nani anaipaka, anaipaka wapi, kiasi gani, na kwa muda gani. Hapo nitakujibu."

Kundi la akina mama wa kanisa lilimwalika azungumze juu ya urembo. Walitarajia siri za uso laini. Yeye aliwaagiza kila mmoja aje na vyote anavyotumia tangu anapoamka hadi anapolala. Wakaja na mifuko. Akamchagua mama mmoja, akavipanga vitu vyake mezani: sabuni, shampuu, losheni ya mwili, krimu ya uso, deodoranti, mafuta ya mikono, waipsi za kumpangusia mtoto. Akavaa miwani, akasoma lebo moja baada ya nyingine, na kila alipoliona jina la kihifadhi fulani aliligonga kwa kucha. Aligonga mara saba.

"Kiwanda kinapima kimoja," akasema. "Kinasema kiasi hiki ni kidogo, hakina neno. Na ni kweli, kwa hicho kimoja. Lakini ngozi yako ni moja tu, mama. Inavipokea vyote saba."

Hawakumwalika tena. Mama yule, hata hivyo, alianza kuja kwake kimya kimya na mfuko wake kila aliponunua kitu kipya.

Alikuwa mkali, na ukali wake uliwaumiza watu. Msichana mmoja wa chini yetu alikuwa na mtoto mchanga ambaye makalio yake yalikuwa yamewiva mekundu. Madam aliposikia kilio alishuka, akaingia bila kukaribishwa, akamfunua mtoto, akachukua pakiti ya waipsi na kuitupa kwenye pipa.

"Lakini Madam, zimeandikwa ni za watoto," msichana akasema, machozi yakimlengalenga.

"Zimeandikwa na mtu anayetaka uzinunue. Unampangusa mara ngapi kwa siku? Na unamsuuza? Basi dawa yake inabaki pale, nepi inaifunika, joto linaifunika. Ngozi yenyewe ni nyembamba kama karatasi."

Yule msichana alilia kwa aibu. Lakini kesho yake asubuhi Madam alirudi na chupa ya maji yaliyochemshwa na pamba, akamwosha mtoto mwenyewe. Akaja siku iliyofuata, na iliyofuata, wiki nzima, mpaka ngozi ikapona. Hakuomba radhi kwa maneno yake makali. Nadhani hakujua kwamba yalikuwa makali.

Sisi tulikuwa na utani wetu juu yake. Mwanamke anayejua losheni kuliko mtu yeyote Eastlands, na mikono yake imekauka, imepasuka kwenye viungo vya vidole. Hakujipaka chochote ila mafuta mazito yasiyo na maji wala harufu, tena kidogo. Nilimwuliza mara nyingi, akageuza maneno. Halafu alasiri moja mvua ilinikuta kwake, chai ikiwa jikoni, na bila kuulizwa akaanza kusema.

Kiwandani kwake, miaka ya mwisho, waliletewa kihifadhi kipya. Kiliua kila kitu. Aliichokoza losheni kwa kila kijidudu alichokuwa nacho, na siku ya saba hapakuwa na kilichobaki hai. "Nilifurahi kama mtoto," alisema. Lakini dawa hiyo ilikuwa imezoeleka zaidi katika vitu vya kusuuzwa, na hii ilikuwa losheni ya kukaa mwilini kutwa. Aliomba muda zaidi waijaribu kwenye ngozi za watu, miezi, si siku. Mkubwa wake akamwambia kiasi hicho kinaruhusiwa, mikebe imeshachapishwa, lori linasubiri.

"Hakunilazimisha," akaniambia. "Usije ukasema nililazimishwa. Kalamu niliishika mimi. Nilikuwa nimepima kama inaua wadudu. Sikuwa nimepima vya kutosha kama inaumiza watu. Nikasaini."

Ndani ya mwaka mmoja zikaanza kuja barua na simu za wanawake waliovimba kope na kuwashwa shingo. Kisha yeye mwenyewe akavimba. Ngozi ikishaijua dawa ile, alisema, haiisahau tena. Kila ikikutana nayo, hata tone, inawaka. Ndiyo maana alijibandika plasta. Ngozi yake ilikuwa imegeuka kipimo, ikiitambua dawa hiyo hata pale ambapo lebo haikuitaja.

Kiwanda kiliiondoa baadaye bila kutangaza. Lakini kabla ya hapo, kila mfanyakazi alikuwa akipewa katoni ya losheni kila mwezi apeleke nyumbani, na Madam alizipeleka kwa binti yake.

Binti huyo aliitwa Mwende. Wakati ule alikuwa msusi, ana kiti chake katika saluni moja ya Umoja, na mikono yake ilikuwa ndani ya shampuu kuanzia asubuhi hadi jioni. Shampuu zile nazo zilikuwa na dawa ileile. Mwende alianza kwa kuwashwa kati ya vidole. Ikapanda viganjani, ikapanda mikononi hadi kwenye viwiko. Ngozi ilipasuka, ikatoa maji, ikakauka, ikapasuka tena. Alivaa glavu, zikamzidishia. Wateja wakaanza kusema hawataki kushikwa na mikono ile. Mwishowe akaacha saluni, kazi pekee aliyoijua na kuipenda, akawa anauza kadi za simu kwenye kibanda.

Niliwahi kusikia ugomvi wao nikipita nje ya chumba cha Madam. Sikukusudia, kuta za ploti yetu ni nyembamba.

"Nani alisaini?" Mwende alikuwa akiuliza. "Niambie tu nani alisaini."

"Mimi."

"Na nani aliniletea nyumbani, akasema jipake mwanangu, hii ni nzuri, nimeipima mwenyewe?"

Mwezi huo Mwende alihama kwa mama yake, akapanga chumba Tassia. Akaacha kushika simu za mama yake. Madam alipika kila Jumapili chakula cha watu wawili, na jioni akaniletea nusu kwenye bakuli lililofunikwa. Alisema amekosea kipimo cha unga.

Sasa nifike pale ambapo ningetamani kupapita.

Wateja wangu walianza kubadilika. Walikuwa wamesikia kwenye simu kwamba kihifadhi ni sumu, wakawa wanashika mkebe na kuuliza, hii ina kemikali? Nikijaribu kuwaeleza kama Madam alivyonieleza, wananirudishia mkebe na kwenda. Kulikuwa na mwanamke mwingine Umoja aliyeandika kwenye vyake "bila kemikali", na watu walipanga foleni kwake. Niliona wivu. Nilikuwa nimeahidi mbele ya Madam kwamba losheni yenye maji haitatoka mlangoni kwangu bila kihifadhi na bila yeye kuipima. Nikatengeneza ndoo moja isiyo na kihifadhi, ya aloe na maji ya mchele. Nikaijaza mikebeni moja kwa moja. Sikumpelekea. Nilijiambia nimechemsha maji, nimeosha mikono, na itaisha upesi kabla ya kuharibika. Ilinukia vizuri sana. Iliisha kweli, nikatengeneza nyingine, na nyingine tena.

Mwende alisikia kwamba haina kihifadhi, akaja kuinunua. Nilimjua ni mtoto wa nani. Niliiona mikono yake. Nilijua, kwa maana mama yake alikuwa amenifundisha, kwamba ngozi iliyopasuka ni mlango ulioachwa wazi. Nikamfungia mikebe miwili kwenye gazeti.

Wiki tatu hazikuisha. Alianza na homa, akadhani ni malaria, akanywa dawa za dukani. Mwenye nyumba alimkuta anaongea maneno yasiyoeleweka, akampeleka hospitali. Walimpigia simu mama yake, naye alifika Mwende akiwa bado anapumua lakini hamtambui mtu. Daktari alisema vijidudu vimeingia kwenye damu kupitia ngozi. Alifariki siku ya tatu, mchana, Madam akiwa amekwenda kuchukua maji ya kumlowesha midomo.

Tulimzika kwao Ukambani. Mimi nilikwenda na basi la kanisa. Niliimba, nilitupa udongo, na bado nilikuwa sijajiambia ukweli.

Siku nane baada ya mazishi Madam alibisha mlango wangu. Ilikuwa saa tano asubuhi. Alikuwa amevaa lile koti jeupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu alipostaafu. Mkononi alikuwa na kichupa cha kijibao. Akakiweka mezani, mbele yangu.

"Soma," akasema.

Alikuwa amenifundisha kuvisoma. Hapakuwa na vidoa vya kuhesabu. Jeli yote ilikuwa imefunikwa na utando wa kijanikijani, pande zote mbili.

"Imejaa," nikasema.

"Nilikwenda kutoa vitu vyake Tassia. Mkebe ulikuwa kando ya kitanda. Mwandiko wa lebo ni wako." Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, ya mtu anayesoma matokeo. "Sasa sikiliza, kwa maana sitaki useme zaidi ya tunachokijua. Mkebe uliofunguliwa haunipi jibu. Vidole vyake vilikuwa vidonda. Inawezekana yeye ndiye aliyeuchafua, si mkebe uliomchafua."

Nilianza kupumua. Mungu anisamehe, nilianza kupata nafuu.

Akatoa mfukoni kichupa cha pili, akakiweka kando ya cha kwanza. Kilikuwa kijani vilevile.

"Hiki ni cha mkebe wa pili. Haukuwa umefunguliwa. Utepe wako ulikuwa bado umeubana."

Nilipiga magoti. Sijui niliyoyasema, nadhani nilisema samahani mara nyingi, nikashika upindo wa koti lake. Aliniacha niseme. Kisha akauliza, "Ulitengeneza ndoo ngapi?"

"Tatu."

"Uliwauzia nani?"

Nikaanza kutaja majina, nikilia. Akanikatiza. "Inuka, nawa uso. Twende tukaichukue."

Tuliichukua. Siku mbili tulitembea, yeye na mimi, mlango kwa mlango, Mowlem na Umoja, yeye akiwa na kitambaa cheusi cha msiba kichwani na mfuko wa gunia mkononi. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Losheni hii ina kasoro. Tunairudisha. Nani ameipaka? Ana kidonda popote? Ana mtoto mchanga?" Palipokuwa na mtoto aliomba amwone, akamgeuza, akamtazama mikunjo ya shingo na makwapa. Mara mbili aliwaambia wampeleke mtoto kliniki leo leo. Watu walimpa pole kwa msiba wake. Aliitikia, "Nimeshapoa," na kunyoosha mkono apewe mkebe. Hakumwambia mtu hata mmoja kwa nini. Mimi nilisimama nyuma yake na sikumwambia mtu pia, na hadi leo hilo linaniuma karibu kama lile la kwanza.

Tulipomaliza aliviosha viganja vyake kwa sabuni, polepole, mpaka kwenye viwiko. "Hatujui kama ni hicho kilichomuua," akasema bila kunitazama. "Hatutajua. Daktari hakutafuta ni kijidudu gani hasa, na mimi sina cha kulinganisha. Ninachojua ni kwamba mimi nilimfungua ngozi, na wewe ukatia uchafu. Tusigombanie nani zaidi."

Mwisho wa mwezi alihama. Sikuambiwa alikokwenda. Mimi niliacha losheni. Nilitoa vyombo vyote, na sasa ninashona sare za shule.

Mwaka huu, karibu na Pasaka, yule mama wa vitu saba alikuja kupimiwa nguo ya mjukuu wake, akanitajia kama jambo la kawaida kwamba Madam yuko Tassia. Alikuwa amehamia kwenye chumba kilekile alichokuwa akipanga Mwende. Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa. Halafu Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana nikaenda.

Alifungua mlango na kunitazama kwa muda. Alikuwa amepungua. Nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Mama Njeri," akasema. "Ingia."

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kitanda, meza, viti viwili, dirisha linalotazama ukuta wa ghorofa ya jirani na nguo zilizoanikwa. Akanipa kiti, akaweka maji ya chai jikoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, nikayaanza, akanyanyua mkono.

"Hayo ulishayasema. Kuna kitu nataka kukuuliza." Akaketi. Akaweka mikono magotini kama mtu aliye katika foleni ya hospitali. "Mwaka mzima ule hakuwa akishika simu yangu. Mwaka wa mwisho wote. Sikuiona sura yake mpaka pale kitandani, na pale hakuwa yeye. Wewe ulimwona."

"Nilimwona, Madam."

"Siku aliyokuja kununua. Nataka kujua alivyokuwa."

Nilimwambia sina hakika kama ninaweza. Akasema, "Jaribu."

Basi nikamwambia. Kwamba alikuja saa nne, jua kali, amevaa gauni la bluu lenye mifuko na amefunga nywele juu. Kwamba alisimama mlangoni akasema, "Mama Njeri, sasa? Bado uko hai?" nami nikamwambia amepotea sana. Kwamba alikataa kiti halafu akakaa. Nilikuwa na viazi vitamu kwenye sufuria, akaomba kimoja, akakila pamoja na maganda yake. Akanihadithia juu ya mteja mmoja wa kibandani kwake ambaye kila siku hununua kadi na kuikwaruza mpaka namba zinafutika. Aliigiza uso wa yule mtu.

"Aliigiza?"

"Aliigiza, Madam. Akacheka mpaka akashika mbavu."

Alifumba macho. "Endelea."

Nikamwambia kwamba alipochukua mikebe aliniangalia na kusema, usimwambie mama. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Atafunga safari mpaka Tassia kuja kunigombeza kama mtoto wa darasa la kwanza." Halafu akasema, "Siku moja nitamwacha aje."

Madam hakulia. Aliinamisha kichwa, na chai ikapoa mbele yake. Nje watoto walikuwa wakigombania mpira kwenye ngazi. Nilidhani ananitaka niondoke, nikachukua mkoba wangu.

"Kaa," akasema. "Rudia."

"Yote?"

"Toka alipofika mlangoni."

Nikaweka mkoba chini, nikaanza tena, toka alipofika mlangoni.